Mlima Uliomwagika Bila Hodi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama watu waliolala na njaa? Ugali mmekula, nimewaona kwa macho yangu. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Wewe mwenye mahindi, yageuze, yanaungua. Leo sina sungura wala fisi wa kuwachekesha. Hadithi ya leo ina machozi, na asiyeyaweza aende akalale, sitamshika mguu.

Hapo zamani za kale, milima ilipokuwa bado inasema na watu, juu ya ziwa la Kivu alikaa mlima mmoja, jina lake Nyiragongo. Mpaka leo yupo, ukipita huko utamwona anafuka moshi. Wazee walisema mlima huyo ni mama. Tumboni mwake ana chungu, na chunguni anapika uji. Si uji wa mtama, jamani. Ni uji wa moto, mwekundu, mzito, unaotokota mwaka hadi mwaka na hauivi.

Karibu naye alikaa dada yake, Nyamulagira. Naye alikuwa na chungu chake, lakini subira hana. Kila baada ya miaka michache anamwaga uji wake msituni, nyani wanapiga kelele, wanahama, basi yamekwisha. Watu walimzoea kama tunavyomzoea jirani mgomvi. Nyiragongo ndiye waliyemhofia, maana yeye alikuwa mkimya, na kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nyiragongo alikuwa na mtoto mmoja, Tetemeko. Huyu alikaa chini ya ardhi na hakuna aliyewahi kumwona. Lakini akitembea, vibuyu vilianguka kutoka ukutani. Akikimbia, kuta zenyewe zilianguka.

Sasa siku moja chungu kikajaa, na Nyiragongo akatoka. Hakumwambia mtu. Uji ukashuka mteremko mbio kuliko mbuzi, na kijiji kilichokuwa chini kikaisha kabla jua halijafika utosini. Watu, ng'ombe, migomba, vyote. Alibaki mwanamume mmoja aitwaye Tsongo, aliyekuwa amekwenda mbali kutundika mizinga ya nyuki. Aliporudi alikuta jiwe jeusi linalotoa mvuke pale alipomwacha mke wake na watoto wake watatu.

Tsongo hakulia hapo. Alipanda mlima siku ya kwanza, akapanda siku ya pili, akapanda siku ya tatu, mpaka akafika ukingoni mwa chungu, nyusi zake zikaungua kwa joto.

"Nyiragongo!" akaita.

"Nani huyo?"

"Mimi Tsongo. Umeniulia watu wangu."

"Watu gani?" mlima akauliza. Wala hakuwa anamdhihaki. Hakujua. "Mimi niko juu, nyinyi ni wadogo mno. Nikitoka sitazami chini."

"Basi usitutazame," Tsongo akasema. "Tuambie tu kabla hujatoka. Hata mgeni mbaya hupiga hodi."

Moshi ukasimama, halafu Nyiragongo akasema: "Nitakuwa namtanguliza mwanangu. Atapiga hodi mara tatu. Hodi ya kwanza, fungeni mizigo. Hodi ya pili, shikeni watoto. Hodi ya tatu, ondokeni. Mimi nitafuata nyuma yake."

Ndipo Tsongo akashuka huku akilia, na alipofika chini akajenga palepale.

Wewe unacheka nini? Unauliza kwa nini alirudi? Shamba la baba yako liko wapi, kama si chini ya mlima vilevile? Palipoanguka majivu ya Nyiragongo maharage huota mpaka yanakukera, na mtu hufuata tumbo lake. Watu wengine wakaja wakajenga karibu na Tsongo, kijiji kikawa kijiji tena.

Tsongo alitafuta jiwe pana, bapa, jeusi, akaliita Sikio. Kila asubuhi kabla watu hawajafagia nyua, na kila jioni kabla hawajawasha mafiga, alilala kifudifudi na kubandika sikio lake juu ya lile jiwe, akimsikiliza Tetemeko. Kando ya jiwe aliweka ngoma kubwa. Kazi ile ikawa ya ukoo wake. Alioa tena, na alipokufa ikashikwa na mwanawe Kasereka.

Katika siku za Kasereka, hodi ilikuja. Ndi! Watu wakafunga mizigo. Ndi! Watu wakashika watoto. Ndi! Kasereka akaipiga ngoma, wote wakavuka bonde wakapanda kilima cha upande wa pili. Nyiragongo akatoka, uji ukapita, na hakufa mtu hata mmoja, isipokuwa kuku wa bibi fulani aliyekataa kuyaacha mayai yake. Watu walimbeba Kasereka mabegani, wakamwimbia siku tatu.

Miaka ikapita, hodi ikaja tena. Ndi! Watu wakafunga mizigo. Ndi! Watu wakashika watoto. Kasereka akasubiri ya tatu, sikio jiweni, jasho likimtoka. Ilikuwa masika, mvua inanyesha, na yeye alikuwa na watoto wadogo. Moyo ukamshinda. Akaipiga ngoma kabla ya ya tatu.

Watu wakavuka, wakakaa kilimani siku tisa chini ya mvua. Hodi ya tatu haikuja. Nyiragongo hakutoka. Watoto wanne walikufa kwa kifua, na waliporudi chini walikuta nyani wamemaliza maharage, wamebakiza maganda.

Basi wale wale waliombeba Kasereka mabegani wakamkalisha katikati ya soko, wakammwagia kapu la majivu kichwani. Kisha wakaweka sheria mbili. Ya kwanza: ngoma haipigwi mpaka hodi ya tatu isikike. Ya pili: hakuna mtu kuondoka kijijini kwa hofu kabla ya ngoma, maana mwoga mmoja akikimbia, mia watamfuata. Atakayekimbia, akirudi naye atamwagiwa majivu sokoni na kuimbiwa nyimbo za kumcheka.

Kasereka aliishi miaka mingi baada ya hapo bila kumtazama mtu usoni. Alipokuwa anakata roho alimwita binti yake, Kavugho, kwa kuwa wavulana wake walikataa ile kazi.

"Mwanangu," akasema, "usiipige ngoma kwa sababu unaogopa. Ngoja ya tatu. Niahidi."

"Nakuahidi, baba."

Akafa, na Kavugho akalala juu ya jiwe.

Sasa huyo Kavugho ndiye mwenye hadithi. Alikuwa mwanamke mwenye mabega mapana, hasemi sana, na sikio lake la kulia lilikuwa limeota sugu kwa kulalia jiwe. Miaka thelathini hakukosa asubuhi, hakukosa jioni. Mumewe alikufa, hakukosa. Aliugua homa, alijikokota. Watu walimheshimu, lakini yeye kila alipopita sokoni aliona kivuli cha baba yake kimekaa pale kimejaa majivu. Na mimi nawaambia, aibu ya mzazi ni mzigo mzito kuliko kuni mbichi.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Masika. Masika aliolewa na kijana aitwaye Muhindo, nyumba yake ikawa bondeni, chini kidogo ya jiwe la Sikio. Mwaka huo Masika akajifungua mtoto wa kike. Na kwa desturi yao mzazi hatoki nje ya nyumba mpaka siku ya nane, siku ambayo bibi mzaa mama humpa mtoto jina. Hakuna cha kumtoa kabla ya hapo isipokuwa ngoma. Muhindo alikuwa kisiwani, amekwenda kununua samaki wa karamu ya jina.

Siku ya tatu tangu mtoto azaliwe, Kavugho alikuwa amelala juu ya jiwe, akaja mbayuwayu, ameungua ncha za mabawa.

"Mama Kavugho, toka," akasema. "Kiota changu kilikuwa ukingoni mwa chungu. Ukingo umepata ufa. Nimeacha mayai."

"Pole, mdogo wangu. Lakini nimekusikia wewe, hodi sijaisikia."

Mbayuwayu akaruka kuelekea ziwani.

Siku ya nne, ardhi ikafumuka miguuni pake, akatoka fuko, anapepesa macho kwenye jua ambalo hakulizoea.

"Mama Kavugho, toka. Sakafu ya nyumba yangu inaniunguza tumbo. Nimechimba kulia, ni moto. Nimechimba kushoto, ni moto."

"Pole, ndugu yangu. Lakini nimekusikia wewe, hodi sijaisikia."

Fuko akaenda zake juu ya ardhi, mchana kweupe, na hilo peke yake lingetosha kumtisha mtu.

Siku ya tano asubuhi akaja mbuzi jike, chuchu zimejaa maziwa. Huko kwao kuna hewa mbaya inayotoka ardhini na kutulia mashimoni. Haionekani, haina rangi, na anayeshuka ndani yake hulala asiamke. Wanaiita mazuku. Siku zote mazuku hukaa katika mashimo yanayojulikana, na wachunga mbuzi huyakwepa. Lakini siku hiyo ilikuwa imetoka mahali pasipojulikana.

"Mama Kavugho, wanangu wawili walikuwa wanacheza kwenye kishimo nyuma ya zizi," akasema mbuzi. "Wamelala. Nimewalamba, hawaamki. Nimewaita, hawaamki. Wewe ni mama. Toka."

Kavugho alimshika yule mbuzi shingoni, wakalia wote wawili. Halafu akabandika sikio lake jiweni, akasikiliza mpaka shingo ikauma. Chini kulikuwa kimya, kimya kabisa. Tetemeko hakupiga hata kidole.

"Nimekusikia wewe," akamwambia mbuzi kwa sauti ya chini. "Hodi sijaisikia."

Wasikilizaji wangu, msimhukumu haraka. Alijua kuna jambo. Mara mbili aliinyoosha mikono yake kuelekea kwenye ngoma. Mara mbili aliwaona wale watoto wanne waliokufa kwa kifua, akamwona baba yake, akairudisha.

Akashuka kwa binti yake. Masika alikuwa ameketi kitandani, ananyonyesha.

"Mama, shikamoo. Maji ya kisima yamekuja ya moto leo, bila kupashwa. Mama mkwe anasema tuondoke. Niondoke?"

Kavugho akamtazama mwanawe. Akamtazama mjukuu. Neno "ondoka" lilikuwa limekaa kwenye ulimi wake, lilikuwa jepesi, lingetoka kwa pumzi moja tu. Lakini aliwaza: nikimwondosha wangu kwa siri, na wa wenzangu je? Nikimwondosha kwa siri na mlima usitoke, watasema ukoo wa Kasereka ni uleule.

"Hodi sijaisikia, mwanangu," akasema. "Lala, upate nguvu."

"Sawa, mama."

Akarudi kwenye jiwe lake.

Sasa Mama Muhindo, mkwe wake Masika, alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, tena mwoga asiyeficha. Alikuwa ameshamwagiwa kapu la majivu mara mbili katika maisha yake kwa kukimbia ovyo, mara moja kwa ajili ya radi. Watoto walikuwa na wimbo wake. Alipoona Kavugho amekwenda, akaingia chumbani amejifunga mkanda wa safari, tayari na kikapu kichwani.

"Binti yangu, inuka twende."

"Mama yangu hajapiga ngoma."

"Mama yako anasikiliza kwa sikio, mimi nasikiliza kwa tumbo, na tumbo langu linaniambia twende. Watatucheka, najua. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Inuka, mwanangu, nakuomba."

Masika akafikiri. Akamfunika mtoto vizuri, akambusu, akamnyanyua.

"Mchukue huyu," akasema. "Yeye hana aibu bado. Mimi nikitoka bila ngoma, watasema hata binti yake Kavugho hamwamini. Wewe humjui mama yangu, anavyopita sokoni ameinamisha kichwa. Siwezi kumfanyia hivyo. Ngoma ikilia nitakukuta njiani."

"Masika, atataka kunyonya."

"Ameshiba sasa hivi. Nenda, mama."

Mama Muhindo akamchukua mtoto, akavuka bonde huku akilia na akitazama nyuma. Waliokuwa mashambani walimwona, wakaanza kumwimbia wimbo wake, wakiegemea majembe yao.

Wimbo ulikuwa bado haujafika mwisho.

Mlima haukutoka juu. Ulipasuka ubavuni, chini kabisa, kama chungu cha zamani kinavyopasuka mekoni. Hakuna hodi ya kwanza, hakuna ya pili, hakuna ya tatu. Uji wa moto ukaruka nje ukashuka mbio, mwekundu, ukimulika hata jua la mchana likaonekana si kitu. Kavugho alikuwa amelaza sikio lake jiweni, na jiwe lilikuwa kimya. Alisikia kwa sikio lile lingine, lililokuwa juu, watu wakipiga mayowe.

Aliipiga ngoma. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliipiga, akaipiga mpaka ngozi ikachanika. Waliokuwa upande wa juu wa bonde walisikia wakakimbia, na wengi walipona kwa sababu hiyo, hilo tusimnyime. Kisha akatupa magongo akakimbia kwa Masika.

Alikimbia mwanamke yule na umri wake. Alipofika karibu, uji ulikuwa umefika kabla yake. Ulikuwa umejigawa sehemu mbili juu ya nyumba, mkono mmoja umepita kulia, mkono mmoja umepita kushoto, na chini ya nyumba mikono ile ilikuwa inakaribiana ishikane. Masika alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa bado hajavuka kizingiti.

"Mama!" akaita. "Hiyo ndiyo ngoma? Sijapata kuisikia. Sasa nitoke?"

"Toka! Toka, mwanangu! Toka!"

Masika akatoka. Akaenda kulia, joto likamrudisha. Akaenda kushoto, joto likamrudisha. Akaja moja kwa moja kumwelekea mama yake mpaka ukingoni mwa moto, wakawa wanaonana uso kwa uso, hatua ishirini, hakuna wa kumfikia mwenzake. Masika hakupiga kelele. Alimwambia mama yake, "Rudi nyuma, mama, utaungua." Kavugho hakurudi. Wanaume wawili waliokuwa wanakimbia walimkamata kiunoni wakamburuta, anapiga mateke, anawauma mikono.

Ongezeni kuni. Nipeni maji ninywe.

Ilipofika jioni, uji ukapoa ngozi yake, ukawa jiwe. Waliopona walikuwa kilimani upande wa pili, wamekaa chini, kila mtu anaita jina la mtu wake. Na hapo, mambo yote yalipokwisha, ardhi ikaanza kutikisika.

Ndi! Ndi! Ndi!

Tetemeko alikuja siku ile, akaja siku ya pili, akaja siku ya tatu, hakuacha mpaka siku ya kumi. Nyumba zilizokuwa zimepitwa na moto zilianguka kwa mtikisiko. Ardhi ikapasuka hadi ziwani. Watu walimtukana. "Sasa unakuja kufanya nini? Maji yakimwagika hayazoleki!" Wakarusha mawe chini, kana kwamba ardhi inaumia.

Kavugho alilala kifudifudi kwenye majani, hakuna jiwe tena, akabandika sikio lake kwenye udongo.

"Tetemeko, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala, mama Kavugho. Hakuna aliyeniamsha. Nimezinduka nimekuta mapengo kila mahali, chini patupu, juu watu wamekufa. Ninalia."

"Ukilia unatuangushia nyumba."

"Najua. Sijui kulia kwa namna nyingine."

Kavugho akainua uso kuutazama mlima. "Nyiragongo! Ulimwahidi babu yangu!"

Sauti ikaja imechoka, kama ya mtu aliyetapika. "Chungu changu kimezeeka, Kavugho. Kimepasuka ubavuni. Nilikuwa sijaamua kutoka. Hata mimi sikuambiwa."

Hapo Kavugho akaelewa jambo ambalo hakuna mtu kabla yake alikuwa amelielewa: kwamba walikuwa wamemsikiliza mjumbe miaka yote, na mwenye mlima mwenyewe alikuwa hajui siku yake. Na mbayuwayu alijua. Na fuko alijua. Na mama mmoja mwoga alijua.

Akainuka, akajaza kapu majivu kwa mikono yake, akalibeba mpaka alipokaa Mama Muhindo. Mama Muhindo alikuwa amempakata mtoto, na pembeni yake mwanamke mwingine mwenye mtoto mchanga alikuwa anampokea kumnyonyesha. Kavugho akapiga magoti mbele yao, watu wote wakitazama.

"Nimwagie," akasema.

Mama Muhindo akalisukuma kapu kwa mguu. "Majivu yametosha, mkwe wangu. Tazama huko chini. Bado unataka mengine?"

"Nimemuua mtoto wangu."

Mama Muhindo hakusema "hapana." Alikuwa mcheshi, hakuwa mwongo. Alisogea tu kando kwenye majani, akampa nafasi akae. Wakakaa pamoja mpaka Muhindo alipofika kutoka kisiwani, samaki wa karamu mkononi, akiuliza kila mtu mke wangu yuko wapi, na kila mtu akitazama pembeni.

Siku ya nane ikafika wakiwa hapo hapo kilimani, katikati ya mitikisiko. Mtoto lazima apate jina. Watu wakamtazama Kavugho, maana ndiye bibi mzaa mama.

"Mimi sina kinywa cha kumpa mtu neno lolote tena," akasema. "Ampe aliyemkimbiza."

Mama Muhindo akamnyanyua mtoto akasema, "Aitwe Masika." Muhindo akaangua kilio, na hakuna aliyekula karamu.

Siku ya kumi tangu moto Tetemeko akanyamaza. Wazee wakataka kutafuta jiwe jipya la Sikio, wakamwomba Kavugho alilalie, kwa kuwa hakuna mwenye sikio kama lake. Akakataa. Wakamwomba tena, akakataa. Walipomwomba mara ya tatu akasema:

"Msikilizeni Tetemeko, mkitaka. Safari nyingine atatangulia, safari nyingine atachelewa, safari nyingine atakuja na mama yake asije. Lakini ile sheria ya majivu iondoeni. Mtu akiogopa, mwacheni aende. Akirudi bila jambo kutokea, mkaribisheni mumpe chakula, msimwimbie. Bora turudi mara mia tukiwa wajinga."

Sheria ikaondolewa. Na tangu hapo mlima umetoka mara nyingi, mara nyingine mtoto mbele, mara nyingine mtoto nyuma, kama Kavugho alivyosema. Watu wanakimbia, watu wanarudi, watu wanajenga. Wengine bado hufa.

Kavugho alimlea Masika mdogo pamoja na Mama Muhindo, nyumba moja, mafiga mamoja. Mama Muhindo ndiye aliyempa mtoto vicheko. Kavugho alimpa kazi za mikono, kusuka, kupalilia, na kila mtoto aliposema "Bibi, naogopa," hata kama ni panzi, aliacha alichokuwa akifanya akamshika mkono wakatoka nje.

Mtoto akakua akafika umri wa kuuliza. Siku moja walikuwa wanapukuchua maharage, akasema:

"Bibi, wenzangu wanasema mama yangu aliona moto kabla haujafika, na njia ilikuwa wazi. Kwa nini hakukimbia?"

Mama Muhindo akainamisha uso. Alikuwa na uongo mzuri alioutunza miaka mingi kwa ajili ya siku hiyo, akafungua mdomo autoe. Kavugho akamzuia kwa mkono. Akauweka ungo chini, akamtazama mjukuu wake machoni.

"Alinisikiliza mimi," akasema.

Hapo ndipo hadithi yangu inapolala. Nimeipokea kwa bibi yangu ikiwa na uzito huu huu, sikuupunguza. Aliyelia afute uso, na moto tuuache uzimike wenyewe.